Vitabu vya Safari ya Watatu

Nilimkuta ameshaanza kuchagua bila mimi.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya rafu ya chini kabisa, magoti yake marefu yamekaribia masikio, na pembeni yake sakafuni palikuwa na rundo la vitabu, kikubwa chini, kidogo juu, kingo zote zimelingana. Mtu anayepima ardhi hawezi hata kuweka vitabu ovyo. Kazini kwake walimwita Mita, kwa urefu wake na kwa kazi yake. Mimi nilianza kumwita hivyo kwa utani, utani ukaisha, jina likabaki.

Nilisimama mlangoni nikamtazama kabla hajaniona. Nilijiambia, mtazame vizuri. Ukishafungua mdomo, hatakutazama tena kwa macho haya.

"Fundi!" Aliinua kichwa, uso wote ukamchanua. "Umechelewa. Nimeshasoma nusu ya nchi."

"Ndogo hiyo nchi."

"Ndogo, lakini ina mito mingi kama mishipa. Njoo uone."

Aliniita Fundi kwa sababu nakata lenzi na kutengeneza miwani katika duka lililo mkabala na hospitali. Ndiko tulikoonana mara ya kwanza. Alikuja na miwani iliyokatika katikati, ameifunga kwa plasta ya kidonda. Nilimtengenezea mpya, nikamvalisha, nikapitisha vidole nyuma ya masikio yake kuipinda ikae sawa. Alinitazama kwa muda, kisha akasema polepole, "Kumbe ndivyo ulivyo." Sijawahi kuambiwa neno tamu kuliko hilo.

"Siku hizi watu wanaingia dukani bila hodi, bila salamu," sauti ilitoka nyuma ya meza. Alikuwa mwenye duka, mama mmoja mnene, mpole wa moyo na mkali wa ulimi, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Vitabu. Redio yake ndogo ilikuwa ikinong'ona kando ya kikombe.

"Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba. Mwambie huyo mchumba wako ainuke, atapata kibiongo kabla ya harusi. Nimemwambia vitabu vya nchi hiyo ninavyo vichache tu. Hakuna anayeviulizia. Huyu ni wa kwanza tangu nilipofungua duka."

"Basi nitakuwa mteja wa kwanza na wa mwisho," Mita alisema akicheka.

Nchi yenyewe, ukiitaja jina, watu hukuuliza kama ni nchi au ni dawa ya kikohozi. Mama yangu alikuwa wa kwanza kuuliza hivyo. Iko humuhumu Afrika, imebanwa kati ya majirani wakubwa, na habari zake hazifiki popote. Huko ndiko Mita alikopata kazi, baada ya kampuni yake kufungwa na yeye kukaa nyumbani muda mrefu, anaamka asubuhi, ananyoa ndevu, anavaa shati, kisha anakaa kitandani hajui aende wapi. Kulikuwa na barabara mpya ya kupimwa kutoka mji mkuu wao hadi milimani. Mkataba wa miaka mitatu. Angeondoka wiki inayofuata, atutafutie nyumba, na baada ya miezi michache tungemfuata.

Tungemfuata mimi na Kidoti. Kidoti ni mtoto wa marehemu dada yangu. Dada alifariki siku aliyomzaa, na shemeji, baada ya mazishi, alizima simu na hakuiwasha tena. Kwa hiyo Kidoti alinikuta mimi, nami nikamkuta yeye. Nilipomwambia Mita kwamba anayenioa mimi anaoa wawili, alimchukua mtoto mikononi mwangu, akamlaza kifuani, akaanza kumweleza jinsi dira inavyofanya kazi. Ndipo nilipojua nimepata mtu.

Wazo la vitabu lilikuwa lake. "Tusifike huko kama vipofu," alikuwa ameniambia. "Tusome kwanza. Tukifika, tujue watu wanaamkianaje, mvua inanyesha lini, mashujaa wao ni akina nani. Tutagawana. Mimi nusu, wewe nusu, jioni tunasimuliana."

Na mimi niliitikia kwa furaha, kwa sababu siku hiyo nilikuwa bado sijaonana na daktari.

"Keti hapa," alisema sasa, akanivutia kigoda. "Huyu ni wa kwanza. Mzungu fulani aliyesafiri huko zamani. Ameandika kurasa mia nne, na nimeangalia, mia tatu zinalalamikia mbu."

"Mwache hapohapo."

"Namwacha. Huyu wa pili ni historia ya wafalme wao. Mzito, lakini nimempenda. Kulikuwa na malkia aliyehamisha mji mzima kwa sababu hakupenda sauti ya vyura."

Nilicheka, ingawa nilidhani siku hiyo singeweza. Alinipa kile kitabu nami nikakifungua kutoka nyuma, kwenye faharasa, nikatelemsha kidole kwenye herufi ya H. Hakukuwa na nilichokitafuta. Nikakirudisha.

"Huyu ndiye bora," aliendelea, hajaona kitu. "Kitabu cha kujifunza lugha yao. Sikiliza sentensi wanazokufundisha." Alisogeza miwani, akasoma kwa sauti ya mwalimu mkali. "'Mbuzi wako amekula kofia yangu.' Halafu jibu lake. 'Pole, lakini kofia yako ilikuwa kwenye mlango wangu.' Fundi, hawa watu nitawapenda!"

Hata Mama Vitabu alicheka kule mezani, akakohoa.

"Nipe nione," nilisema.

Nikakipekua harakaharaka. Sokoni. Njiani. Kwa fundi wa nguo. Kwa mganga wa meno. Niliusoma ukurasa ule wa mganga wa meno wote, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta pete mchangani.

"Na hii hapa ni riwaya," Mita alisema. "Ameiandika mwanamke wa hukohuko. Mimi nilitaka kuiacha, tunahitaji vitabu vya ukweli kwanza. Lakini najua ungenigombeza."

"Ningekugombeza sana."

"Kwa nini, hasa? Hadithi ya kubuni itatusaidia nini kwenye nchi ya watu?"

"Mita, kitabu cha historia kitakwambia mfalme alikufa lini. Mimi nataka kujua mwanamke wa huko akigombana na mumewe asubuhi, mchana anafanya nini."

Alinitazama, tabasamu likabaki upande mmoja wa mdomo. "Na wewe ukigombana na mumeo asubuhi, mchana utafanya nini?"

Nilinyoosha mkono nikachukua kitabu kilichofuata, chembamba, chenye picha ya mlima kwenye jalada. Jiografia ya shule za huko. Na humo, karibu na mwisho, ndimo nilimoikuta sura niliyokuwa naitafuta. *Huduma za Afya*.

Niseme ukweli wangu. Sikwenda pale kuchagua vitabu. Kwenye simu nilikuwa nimeshatafuta mpaka macho yakaniuma, nami ndiye ninayewakataza watu wasikodolee simu. Nchi ile kwenye simu ilikuwa mistari michache, bendera, na namba ya hospitali moja ya mji mkuu. Matumaini yangu ya mwisho nilikuwa nimeyapeleka kwenye rafu ya Mama Vitabu. Nilijiambia, huenda kuna ukurasa mmoja utakaosema kwamba kule milimani, karibu na kambi ya wapima barabara, pana hospitali, na humo yumo daktari wa moyo wa watoto.

Nilisoma. Kitabu kilisema hospitali ya rufaa ni moja, iko mji mkuu. Kilisema wilaya za milimani zina zahanati, na kutoka huko hadi mji mkuu ni safari ya siku mbili. Kilisema wakati wa masika njia hukatika, na watu husubiri maji yapungue.

Kiliandikwa kwa lugha rahisi, ya kufundishia watoto. Nadhani ndiyo sababu kiliniumiza hivyo.

"Unasoma nini kwa bidii hivyo?" Mita aliinama juu ya bega langu. Akaona kidole changu kilipokuwa. Nilipogeuka, nilimwona uso unabadilika polepole, macho yanapanuka, mdomo unatafuta neno. Akashuka goti moja, akashusha sauti ili Mama Vitabu asisikie.

"Fundi. Hospitali? Una... una habari ya kuniambia?"

Sikumwelewa mara moja. Nilipoelewa, nilitamani ardhi inimeze. Alikuwa anang'aa. Alikuwa ameshika ukingo wa kigoda changu kwa mikono miwili, na ndani ya lenzi nilizozikata mimi mwenyewe macho yake yalikuwa yamejaa maji ya furaha.

"Hapana," nilisema. "Siyo hilo."

"Ah." Alijaribu kucheka. "Nilidhani. Basi, haidhuru. Muda wa kumpatia Kidoti mdogo wake upo."

"Ni Kidoti."

"Kidoti amefanya nini?"

"Kidoti ni mgonjwa, Mita."

Mama Vitabu ni mtu mzima. Aliongeza sauti ya redio kidogo, akasimama, akasema anakwenda kuangalia maboksi yaliyoingia asubuhi, na kama kuna mteja tumwambie asubiri. Akapita pazia la nyuma, akatuachia duka.

Nilimweleza. Nilimwambia jinsi mtoto alivyokuwa akichoka kunyonya chupa, anatoka jasho kichwani kama mtu mzima anayelima, sisi tukidhani ni joto. Jinsi nilivyovuka barabara naye saa ya mapumziko, nikiwa bado na koti la kazi, nikidhani nitapewa dawa ya mafua nirudi. Daktari alimsikiliza kifua, akamsikiliza tena. Kisha vipimo. Ana tundu kwenye moyo. Halitazibika lenyewe. Dawa kila siku, kipimo kila mwezi, na upasuaji akishapata uzito wa kutosha. Na siku midomo yake ikigeuka bluu, mtoto afike hospitali hapohapo, tusingoje kuche.

"Lini umeambiwa?" aliuliza.

"Jumatatu."

"Leo ni Jumamosi."

"Najua."

"Jumatatu hadi leo umekaa na jambo hili peke yako? Jana tumeongea kwenye simu, nikakwambia nimenunua mkoba wa safari, ukaniuliza ni wa rangi gani!"

"Nilikuwa natafuta njia. Sikutaka kukupa tatizo tu."

Alisimama. Alikwenda hadi dirishani, akarudi. Mtu mwingine angelia au angenilaumu. Yeye akafanya anavyofanya siku zote, akaanza kupima.

"Sawa. Sikiliza. Tutakaa mji mkuu. Wewe na yeye mtakaa mji mkuu, karibu na hospitali. Mimi nitakuwa nashuka."

"Hospitali ile haina daktari wa moyo wa watoto. Niliwapigia jana kutoka kazini. Mwanamke mmoja alinijibu kwa upole sana, akasema wagonjwa wa namna hiyo huwapeleka nje."

"Basi nyumba iwe kambini, na siku ya kipimo..."

"Siku mbili, Mita. Na masika njia inakatika. Kimeandika hapa."

"Lakini hiyo ndiyo barabara ninayokwenda kuipima!" Sauti ilimpanda. "Hiyohiyo! Ikikamilika, ni asubuhi kwenda, jioni kurudi. Ndiyo kazi yenyewe, Fundi!"

"Itakamilika lini?"

Alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Lini, Mita?"

"Miaka mitatu. Minne, ikiwa mvua..."

"Kidoti hana miaka mitatu ya kungojea barabara."

Aliketi chini, palepale sakafuni, mgongo umeegemea rafu. Vitabu vyake vilikuwa kati yetu. Nje mtu alikuwa anaburuta mkokoteni, magurudumu yanalia. Tulisikiliza mpaka ukapita.

"Mama je?" aliuliza hatimaye. "Mama hawezi kumlea mpaka..."

"Mama hawezi peke yake. Unaijua mikono yake."

"Kwa hiyo huji."

"Siji."

"Basi na mimi siendi," alisema.

Hapo ndipo kila kitu kilipovunjika, na sijui mpaka leo ni nani kati yetu aliyekivunja. Kwa sababu kabla hajasema hivyo, kulipita kitambo. Kifupi sana. Mtu mwingine asingekiona. Lakini mimi kazi yangu ni macho. Nakaa mbele ya nyuso za watu siku nzima na kuangalia mboni zinakwenda wapi. Yake, kabla ya kusema haendi, ilishuka kwenye vile vitabu. Ikakaa pale, kama mtu anayeagana na jamaa yake kituoni. Halafu ikapanda, ikanitazama, ndipo akasema.

"Usiseme hivyo," nilimwambia.

"Nimesema. Sitakwenda. Nitawapigia Jumatatu."

"Halafu?"

"Halafu nitatafuta kazi hapa."

"Umetafuta mwaka mzima na zaidi. Nilikuwa nakuja kwenu nakukuta umenyoa ndevu, umevaa shati, na huna pa kwenda. Nilikuwa natoka pale nalia njia nzima."

"Wakati ule sikuwa na sababu. Sasa ninayo."

"Mita, nimeona."

"Umeona nini?"

"Nilivyokwambia siji, umevitazama vitabu."

Aliduwaa. Kisha akainuka, na nilimwona amekasirika kweli, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Unanihukumu kwa kupepesa macho?"

"Sikuhukumu."

"Unanihukumu! Nimeambiwa mtoto ninayempenda ana moyo mbovu, nimeambiwa huji, sijui nini, yote kwa pumzi moja, na mimi nikafikiri kidogo tu kabla ya kujibu. Ni kosa kufikiri? Ulitaka nijibu kama redio?"

"Si kosa."

"Wewe ulikuja hapa umeshakata kauli. Umekaa wiki nzima unakata kauli peke yako, umenifanya nikae hapa nakuchekesha na mbuzi na kofia, na kumbe ulikuwa unanitazama kama marehemu!"

Alisema kweli. Hilo ndilo lililonimaliza. Nikaanza kulia, na yeye akasogea kunishika, halafu akasita, mikono ikabaki hewani.

Mama Vitabu alirudi akipiga kikohozi cha makusudi. Aliangalia nyuso zetu, akaangalia vitabu, akafanya kile ambacho wauzaji hufanya wasipojua la kufanya.

"Nivifunge?" aliuliza taratibu. "Nifunge vyote pamoja, au kila mtu na vyake?"

Mita aliinama, akalinganisha kingo za rundo.

"Acha kwanza, mama," Mita alisema mwishowe. "Tutarudi." Akanigeukia. "Twende kwenu. Nataka kusikia kwa mama."

Tuliondoka mikono mitupu. Tulitembea barabara ileile tuliyozoea kutembea tumeshikana vidole, sasa kila mtu na upande wake, kama watu waliokutana njiani na kwa bahati mbaya wanaelekea mtaa mmoja.

Mama alikuwa amekaa sebuleni, Kidoti amelala kwenye mto mbele yake. Hakushtuka kutuona. Nadhani alikuwa anatungojea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umeshaambiwa."

"Nimeambiwa."

Mita alipiga magoti karibu na mto. Kidoti alikuwa macho. Alimtazama yule mtu mrefu, akanyoosha mkono akamkamata ukosi wa shati, akavuta, akacheka kile kicheko chake cha kukatikakatika ambacho sisi tulikuwa tukikipenda, tusijue kwamba kinakatika kwa sababu pumzi inamwishia. Mita alimnyanyua. Alimweka mapajani, akainamisha sikio juu ya kile kifua kidogo, akakaa hivyo. Alikuwa anausikiliza moyo wake. Sijui alisikia nini, lakini alifumba macho.

"Mama," alisema bila kuyafumbua, "nikibaki?"

Mama yangu si mtu mkatili. Alipinga safari ile tangu mwanzo, alisema mtoto wa marehemu hapelekwi nchi ambayo hata mtangazaji wa redio hajawahi kuitaja. Lakini Mita mwenyewe alimpenda, na kila akija alimpa kiti kizuri. Kwa hiyo jibu lake lilinikata kuliko lingetoka kwa adui.

"Ukibaki, nitashukuru mwezi wa kwanza," alisema. "Na wa pili. Halafu nitaanza kukuona hapo kibarazani, huna kazi, unamtazama huyu mtoto ambaye si damu yako, kama mtu anayetazama mvua iliyomharibia safari. Hutasema kitu. Wewe ni kijana mwenye adabu, hutasema. Lakini mtoto atajua, na huyu binti yangu atajua kabla yake. Mwanangu, mimi nimezika mmoja. Sitaki kumwona huyu aliyebaki anaishi kwa kuomba radhi kila siku."

"Si kweli, mama. Nisingemtazama hivyo."

"Labda," mama alisema. "Labda si kweli. Mwambie yeye basi, mimi nitanyamaza."

Mita alinigeukia. Mtoto alikuwa bado amemshika ukosi. Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Angesema neno lolote. Ningesema neno lolote. Ningesema, baki, nimekosea, baki hata ukinitazama hivyo. Lakini niliogopa. Niliogopa asubuhi ya mbali, yeye akiwa dirishani, akifikiria mito ya nchi ile ambayo hakuiona.

"Nenda," nilimwambia.

Alimtoa Kidoti vidole vyake kimoja kimoja kwenye ukosi wa shati, akamrudisha kwenye mto, akamfunika miguu. Alimuaga mama. Nilimsindikiza hadi nje ya mlango.

"Nikuandikie?" aliuliza.

"Usiniandikie."

"Hata kujua hali ya mtoto?"

"Ukiniandikia nitasubiri, Mita. Na nikisubiri sitaweza kuishi. Niache nijue kwamba hakuna kinachokuja."

Alinitazama, vilevile kama siku ile ya kwanza, kwa muda mrefu, bila haraka. Nilidhani atasema kitu ambacho ningekibeba maisha yangu yote. Lakini alitikisa kichwa tu, akageuka, akaenda, mrefu, mabega yameshuka, na kwenye kona hakugeuka nyuma. Nilikuwa nimeomba asigeuke. Alipotii, nikashika ukuta.

Niliporudi ndani, mama alikuwa amesimama katikati ya sebule na chupa ya dawa ya Kidoti mkononi. Machozi yalikuwa yanamtiririka usoni bila sauti. Hata siku ya mazishi ya dada sikumwona hivyo, kwa kuwa siku hiyo alikuwa akishughulikia wageni.

"Mfuate," alisema.

"Mama."

"Mfuate, hajafika mbali. Nimesema maneno mengi, mimi mtu mzima, nimesema nisiyoyajua. Mtoto nitabaki naye. Nitampa dawa, nitampeleka kliniki, nitafanya yote. Nenda, mwanangu. Kimbia."

Na alimaanisha. Nilimwona anamaanisha kwa nguvu zake zote. Akakaa kando ya Kidoti ili anioneshe kwamba anaweza, akafungua chupa, akaingiza kile kidude cha kudondoshea dawa, akavuta. Mikono ilimtetemeka kama inavyotetemeka miaka hii yote. Matone yakaanguka kwenye mto, kwenye shavu la mtoto, kwenye goti lake mwenyewe. Akajaribu tena, akiuma midomo. Yakaanguka tena. Kidoti alifungua mdomo mdogo, akangojea.

Nikaketi sakafuni, nikamchukulia mama ile chupa, nikaivuta dawa hadi kwenye alama, nikaidondosha kwenye ulimi wa mtoto. Moja. Nikangoja ameze. Nyingine. Mama alinitazama, kisha akatazama mlango, ambao niliuacha wazi.

"Ufunge, mama," nilisema. "Upepo unamwingia."